Miti imebaki kijani, nyumba imekwisha
(Maongezi na wenye nyumba wa mlimani, yameandikwa karibu kama yalivyosemwa)

Haya jamani tukae tuanze, mliosimama mlangoni ingieni, viti bado vipo huku mbele, najua hakuna anayependa kukaa mbele lakini leo hakuna atakayeulizwa swali. Mwenyekiti kanipa nusu saa na mimi nikishika maiki huwa ni shida kidogo, kwa hiyo itifaki naomba tuseme imezingatiwa, wazee wangu shikamooni, wengine hamjambo, twende.

Nataka mfikirie picha moja. Wengi mmeshaiona kwenye simu bila kuitazama vizuri. Ni picha za mji wa Paradise kule California, Novemba 2018, baada ya moto kupita. Mji umekaa juu ya mgongo wa mlima, makorongo huku na huku, misonobari kila kona, yaani mahali pazuri kabisa pa kuishi, kama hapa tulipo tukisema ukweli. Kwenye picha nyumba imekwisha, limebaki bomba la moshi na friji iliyopinda, na gari lililokuwa limepaki nje rimu zake zimeyeyuka hadi zikatiririka chini, sahivi zimeganda kama uji wa fedha hapo kwenye sakafu. Sawa. Sasa inua macho kidogo uangalie nyuma ya nyumba. Kuna mti umesimama. Majani yake kijani. Mita chache tu kutoka pale rimu zilipoyeyuka.

Ukishaiona hiyo hutaweza kuacha kuiona, iko kwenye picha karibu zote za vijiji vilivyoungua. Na swali ni rahisi tu, kama ukuta mkubwa wa moto ulitoka msituni ukaja kuivamia nyumba, ule mti ulirukwaje?

Jibu ni kwamba ukuta wa moto haukufika pale. Zilifika cheche. Na sisemi cheche zile ndogo za kupuliza jiko, nasema vipande vya magome, koni za misonobari, vijiti, vyote vimeshika moto na upepo unavibeba kilomita moja, mbili, na kwa upepo mkali zaidi ya hapo. Zinatua kwa maelfu. Kwenye mti mbichi hazifanyi kitu, zinazimika. Kwako zinatua kwenye majani makavu ya gata, kwenye zulia la mlangoni, kwenye kuni ulizopanga vizuri ukutani, na hapo zinapata zinachotafuta. Nyumba inashika, inawaka masaa, inarusha cheche zake, nyumba ya jirani nayo inashika. Msitu hapo umeshasahau, moto mkubwa wa kwenye vilele vya miti ukipita sehemu moja unapita kwa dakika moja hivi, umekwenda, nyumba ndio zinabaki zikichomana zenyewe kwa zenyewe.

Kuna mtu aliyekuwa mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani anaitwa Jack Cohen, huyu jamaa amefanya kazi hii miaka mingi sana, mwishoni mwa miaka ya 1990 walikwenda kaskazini mwa Canada, wakajenga kuta za mbao mbele ya msitu alafu wakauchoma msitu makusudi. Moto wa kweli, wa vileleni, ule unaotisha. Ukuta uliokuwa mita 10 kutoka kwenye miti wakati mwingine ulishika na wakati mwingine haukushika. Wa mita 20 na wa mita 30 haukushika. Mbao hizo jamani, si tofali! Kwa hiyo joto la msitu unaoungua lina mwisho wake na mwisho wenyewe uko karibu kuliko watu wanavyodhani. Kinachofika mbali ni cheche, na cheche unaziweza kama hujaziandalia mahali pa kulala.

Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Mengine yote ni maelezo yake.

Sasa wa mlimani tuna jambo letu la ziada, nalo ni mteremko. Ukirudi nyumbani chukua njiti ya kiberiti, iwashe, ishike kichwa kikiwa juu, inawaka taratibu. Washa nyingine uigeuze kichwa chini, utaitupa kabla hujahesabu tatu kwa sababu moto unapanda njiti kufuata vidole vyako. Mlima ni hivyo hivyo. Moto ukipanda, ndimi zake zinalalia majani yaliyo mbele na kuyakausha kabla haujayafikia, na kipimo wanachotumia watu wa zimamoto ni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko zinazidisha kasi karibu mara mbili. Nyuzi 20, mara nne. Kwa hiyo wewe uliyejenga juu kabisa kwa ajili ya mandhari, na mimi siwalaumu maana mandhari ni tamu, moto ukianzia bondeni chini yako muda wako si sawa na wa mwenzako aliyejenga tambarare. Na korongo ni baya zaidi, linavuta moshi na joto kama bomba la jiko. Aliyejenga juu ya mdomo wa korongo leo anisikilize mara mbili.

Na upepo. Mchana kawaida unapanda mlima, usiku unashuka. Hivyo moto mliouona mchana unaondoka kuelekea juu msiseme umeshaondoka, usiku unaweza kugeuka.

Kuna na hii ya "sisi huku kwetu ni baridi". Nimeisikia sana. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka siku kadhaa, juu kwenye ukanda wa vichaka ambako usiku maji yanataka kuganda. Na tarehe 30 Desemba 2021 kule Colorado, katikati ya majira ya baridi, moto wa nyasi tu, wala si msitu, ulisukumwa na upepo ulioshuka kutoka milimani kwa kasi iliyozidi kilomita 160 kwa saa, ukamaliza nyumba zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Kesho yake theluji ikaanguka juu ya majivu. Kinachoamua ni ukavu na upepo, kipimajoto hakina neno hapo.

Basi tuizunguke nyumba. Naomba kila mtu aifikirie ya kwake, sio ya jirani.

Anza na mita moja na nusu kutoka ukutani. Hiyo ni kama hatua mbili za mtu mzima. Ndani ya hapo sitaki kuona kitu kinachoungua. Najua mtanung'unika, ndiyo sehemu tunayopenda kupamba, maua chini ya dirisha, kichaka kile cha msonobari mfupi kilichonyolewa vizuri, matandazo ya maganda ya miti ili magugu yasiote. Hayo matandazo cheche ikitua haitoi hata mwali, inafuka tu kimya kimya nusu saa nzima, alafu upepo unakuja. Na vile vichaka vyenye mafuta ndani yake, misonobari mifupi na jamii zake, ukiviwasha vinalipuka, dirisha linapasuka kwa joto, na dirisha likipasuka nyumba imefunguliwa. Weka kokoto. Weka vigae, saruji, mawe, udongo mtupu hata. Maua yapande mbali kidogo, utayaona tu kutoka dirishani.

Kuni. Hapa ndipo napogombana na watu. Kuni zinapangwa ukutani kwa sababu mvua haizifiki na usiku wa baridi huendi mbali, naelewa kabisa, mimi mwenyewe nasikia baridi. Lakini msimu wa kiangazi zihamishe mita 10 kutoka kwenye nyumba na uzifunike na kitu kisichoungua, zirudishe mvua zikianza. Na zikae upande wa juu wa mteremko au sambamba na nyumba, kamwe usiziweke chini yake, mmeshaona kiberiti kinavyofanya.

Fensi ya mbao inayogusa nyumba inauleta moto hadi mlangoni kwako hata kama ulianzia mwisho wa kiwanja. Si lazima uing'oe yote, toa ule urefu wa mita moja na nusu wa mwisho unaogusa ukuta uweke wa chuma au geti la bati.

Paa. Paa la vigae, bati au saruji ni zuri, la mbao au la nyasi sina cha kukuambia zaidi ya kuanza kuweka akiba. Lakini hata mwenye bati asikae kishujaa, maana moto hauunguzi bati, unapita chini yake. Panda ngazi uangalie mwisho wa bati pale linapokutana na upenu, ile migongo ya bati inaacha matundu, na vigae vya mviringo ndio kabisa. Kwenye hayo matundu ndege wamejenga. Vuta kiota kimoja ukiangalie: nyasi kavu, manyoya, uzi, nyuzinyuzi za gunia, kimesukwa laini kabisa na kimekauka miaka mitatu. Huwezi kutengeneza kiwashio bora kuliko hicho hata ukilipwa, na kimekaa sentimita chache kutoka kwenye mbao za kenchi. Toa viota visivyo na mayai, ziba matundu kwa saruji au vizibo vya chuma.

Gata ni hivyo hivyo, majani yamejaa hadi miche imeota ndani, nimeona hiyo mara nyingi sana na mwenye nyumba yuko chini anamwagilia ukoka. Gata ya plastiki inayeyuka na kuanguka ikiwa inawaka, ya chuma inabaki pale pale na moto wake unachoma ubao wa upenu. Kwa hiyo zote zinatakiwa zisafishwe, na usisafishe mara moja tu mwanzo wa kiangazi, misonobari inamwaga kila wiki.

Matundu ya hewa ya darini. Hapa wengi hawafahamu kabisa. Nyumba inahitaji kupumua, ni kweli, lakini tundu linalopitisha hewa linapitisha na cheche, na cheche ikishaingia darini huioni, unakuja kujua moshi unapotoka kwenye taa. Weka wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 au madogo zaidi. Wa chuma nasema, ule wa plastiki wa mbu unayeyuka mara moja. Na ukishaweka uwe unapiga brashi, buibui na vumbi vinaziba.

Chini ya baraza la mbao, mahali pale panapowekwa viti vibovu, maboksi, mtumbwi wa watoto wa plastiki... toa. Nadhani mmenielewa.

Zulia la mlangoni nalo. Watu wanacheka! Lakini fikiria mwenyewe, ni katani kavu, limelazwa mbele ya mlango wa mbao, upepo unaviringisha vitu hadi kwenye kona hiyo hiyo ndio maana asubuhi unafagia majani hapo. Popote upepo unapokusanyia majani, na cheche zitakusanyika hapo hapo. Fagio lako tayari linajua sehemu za hatari za nyumba yako kuliko mimi.

Mitungi ya gesi iwe mbali na nyumba, chini pasafishwe, ukiondoka funga. Petroli ya jenereta na ya mashine ya kukatia nyasi usiweke kwenye stoo iliyobanana na chumba cha kulala, hilo halihitaji hotuba.

Haya kutoka mita moja na nusu hadi kama mita 10, na kuendelea hadi mita 30 kwa wenye nafasi, hapo hatutafuti jangwa. Nataka niseme hili kwa sauti kwa sababu kila nikitoa maongezi haya kuna mtu kesho yake anatoka na msumeno anafyeka mlima mzima. Mizizi ndiyo inayoshikilia mteremko. Ukiiondoa hutaungua, utaporomoka. Tunachotaka ni moto usipate ngazi: nyasi zisiguse kichaka, kichaka kisiguse matawi, matawi yasiguse paa. Katia matawi ya chini hadi mita mbili au zaidi kutoka chini, achanisha miti, nyasi kavu ziwe fupi, na upande wa chini wa mteremko ongeza umbali. Mti mkubwa wenye afya ulio peke yake si adui. Wakati mwingine unakupunguzia hata cheche.

Na kata nyasi asubuhi, umande ukiwepo bado. Bapa ya mashine ikigonga jiwe saa nane mchana kwenye nyasi kavu ndio mwanzo wa moto, na hii haitoki kwenye hadithi, ni moja ya sababu zinazojirudia. Kule Marekani zaidi ya asilimia 80 ya mioto ya porini inaanzishwa na watu, radi inachukua sehemu ndogo. Kuchomelea mageti nje, gari lenye ekzosi ya moto kupaki juu ya nyasi ndefu, majivu ya jiko kumwagwa shambani. Majivu yanatunza kaa siku kadhaa, yanakaa kijivu kabisa juu na chini mekundu. Ndoo ya chuma yenye mfuniko, maji, koroga, gusa nje kwa mkono, kama ina joto bado hujamaliza.

Kuhusu majirani nitasema kidogo tu ingawa linauma. Baada ya Paradise watafiti walikwenda kuchunguza ni nyumba zipi zilipona, na moja ya mambo yaliyoamua zaidi ni umbali kutoka kwenye nyumba nyingine iliyoungua. Yaani unaweza kufanya kila nililosema ukaunguzwa na stoo ya mwenzako. Kiwanja kisicho na mwenyewe huku katikati yetu, kile kilichoota magugu hadi kifuani, ni chetu sote kwa jambo hili, mwenyewe atafutwe, na asipopatikana tukubaliane siku moja tukifyeke. Sioni njia nyingine.

Sasa kuondoka. Hapa ndio watu wanakufa, kwa hiyo nitachelewa kidogo hapa mwenyekiti anisamehe.

Ule moto wa Paradise ulianza asubuhi kama saa kumi na mbili na nusu, kwenye laini kubwa ya umeme, na kabla ya masaa mawili kuisha ulikuwa umeshaanza kuingia mjini. Mji wa watu kama 26,000 na barabara chache za kutokea, kubwa moja. Walikufa watu 85, wengi wao wazee. Wengine hawakuwa na gari, wengine hawakupata taarifa, wengine walikuwa barabarani kwenye foleni. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2017, Pedrógão Grande huko Ureno walikufa watu 66 na wengi wao walikutwa barabarani, ndani ya magari au karibu nayo, wamekimbia wakiwa wamechelewa. Mati, Ugiriki, Julai 2018, zaidi ya watu 100, vichochoro vyembamba visivyo na pa kutokea na bahari iko pale pale mbele. Mwenzako akinyolewa zako tia maji, hawa wote walikuwa watu wazima wenye akili zao kama sisi.

Kwa hiyo neno ni moja: mapema. Na mapema maana yake si pale unapouona moto. Ukiuona moto umeshachelewa. Usisubiri agizo pia. Kule Gatlinburg, mji wa milimani Tennessee, Novemba 2016, upepo ulipopiga umeme ukakatika, simu na intaneti zikasumbua, tahadhari haikuwafikia wengi kwa wakati, walikufa watu 14. Kama wewe mpango wako wote ni "watanipigia simu" basi huna mpango. Kama siku ni kavu, upepo mkali, moshi umeonekana upande upepo unakotoka, na nyumbani kuna mzee, mjamzito, mtoto mchanga au mtu mwenye pumu, ondoka saa hiyo hiyo. Ikiwa hakikutokea kitu umepata safari ya kwenda kusalimia ndugu, hujapoteza.

Mambo ya kukubaliana leo usiku mezani, sio siku hiyo. Njia mbili za kutoka, na ya pili muwe mmeshaipita kwa gari angalau mara moja, maana kwenye ramani inaonekana barabara ukifika kuna geti la mtu lina kufuli. Nani anamchukua bibi. Tunakutana wapi kama mmoja yuko kazini na mwingine shuleni. Nani anashika mbwa, paka wekeni kwenye boksi lake mapema sana kwa sababu paka akisikia harufu ya moshi hamumpati tena. Mifugo ihamishwe kabla ya watu, ng'ombe hafungwi dakika tano.

Geti la umeme! Mwenye geti la umeme au mlango wa gereji wa kubonyeza rimoti anyanyue mkono. Aa, wengi. Umeme ukikatika unalifunguaje? Kimya. California baada ya mioto ya 2017 watu wengine walinaswa kwenye gereji zao, wakaweka sheria kwamba tangu 2019 kila mota mpya ya mlango wa gereji iwe na betri yake. Huku msisubiri sheria, kuna kamba au ufunguo wa kuuachia, uutafute kesho na kila mtu wa nyumbani ajaribu, mpaka yule mdogo na mama mwenye mgongo mbaya.

Begi, sitaki kulirefusha. Vyeti, hati, pasipoti, dawa za wiki mbili, miwani, chaja na pawabenki, maji, viatu vya kufunika, tochi. Picha za hati zipige uziweke mtandaoni. Gari msimu wa kiangazi lisishuke nusu tenki na siku za upepo lipaki likitazama barabarani, funguo mahali pamoja. Nguo za pamba au sufu, mikono mirefu. Hizi za nailoni zinayeyukia kwenye ngozi, hata kama ni jezi ya timu yako.

Ukiwa unatoka na kama muda upo, lakini kama upo tu, funga madirisha na milango yote bila kupiga kufuli, shusha mapazia mepesi, sogeza makochi katikati ya chumba, funga gesi, acha taa zinawaka ili watu wa zimamoto waione nyumba kwenye moshi. Ngazi iegemeze nje. Na usiache paipu au springila zikimwaga juu ya paa ukaondoka, kila mtu akifanya hivyo presha inaisha na gari la zimamoto linakuta bomba linakohoa.

Kuna mzee pale nyuma ameuliza kama mwanaume anaweza kubaki aitetee nyumba yake. Shikamoo mzee. Nikujibu kwa heshima. Nyumba zimeokolewa na watu waliobaki, sitakudanganya. Australia walikuwa na msimamo wa kitaifa uliosema jiandae ubaki kuitetea au uondoke mapema. Ikaja tarehe 7 Februari 2009, wakafa watu 173 kwa mioto ya siku hiyo, na zaidi ya 100 kati yao walikutwa ndani ya nyumba au karibu yake. Baada ya hapo wakabadilisha, sahivi siku hatari kabisa wanaambiwa waondoke, basi. Kubaki kunahitaji maji yako mwenyewe, pampu isiyotegemea umeme, nyumba iliyoandaliwa miezi, mavazi, wenzako wenye nguvu, na akili isiyobadilika njiani. Anayebaki alafu akabadili mawazo moto ukiwa mita 200 ndiye tunayemkuta barabarani. Na tenki lako mzee ni la plastiki? Linayeyuka hadi usawa wa maji. Pampu ya umeme? Umeme ndio wa kwanza kukatika. Kwa hiyo jibu langu kwako ni hapana, na watoto wako wakikuuliza waambie nimekataza mimi.

Ukinaswa sasa, Mungu aepushe. Ndani ya nyumba ni bora kuliko nje kwa miguu, joto la mionzi linaua kabla mwali haujakugusa. Kaeni upande wa mbali na moto, kwenye chumba chenye mlango wa kutokea nje, msijifungie bafuni kwa sababu ya maji, bafu halina pa kutokea. Tembeeni mkikagua, cheche ikiingia muizime. Ukuta wa moto ukishapita, ikiwa nyumba imeshika, tokeni mwende palipokwisha kuungua, pale hakuna tena cha kuungua. Ukinaswa kwenye gari simama mahali pasipo na majani, taa ziwake, vioo juu, feni ya hewa ya nje izime, lala chini ya usawa wa madirisha na blanketi la sufu juu yako. Usitoke ukimbie kupanda mlima. Huushindi.

Dada ameuliza kuhusu barakoa, ndiyo, ile ya N95, kitambaa kilicholowa hakichuji chembe ndogo za moshi, kinakupa moyo tu.

La mwisho ni kurudi. Nyumba nyingi zinaungua wakati moto umeshapita na watu wanashangilia, kwa hiyo mkiruhusiwa kurudi kwanza darini na tochi, alafu chini ya baraza, gata, kuni, na mrudie kila baada ya muda kwa masaa kadhaa, usiku zima taa mnuse na mtazame, kaa linaonekana gizani. Mashina na mizizi yanafuka chini kwa chini siku nyingi, ardhi inaweza kutitia ukakanyaga makaa, watoto wasitangulie. Mti uliosimama ukiwa umeliwa shina msiuegeshee gari chini yake.

Na mvua za kwanza. Mlima ulioungua haunywi maji, udongo wa juu unakuwa kama umepakwa nta, maji yanateleza yote yakiwa na matope na mawe. Montecito, California, moto mkubwa wa Desemba 2017 ulipita kwenye milima iliyo juu yake, tarehe 9 Januari 2018 ikapiga mvua kubwa usiku, tope na majabali yakashuka makorongo, watu 23 wakafariki. Kwa hiyo waliojenga mdomoni mwa korongo, nilisema mnisikilize mara mbili, hii ndio ya pili: mlima wa juu yenu ukiungua, mvua kubwa ikitabiriwa hamlali hapo, na hiyo inaendelea msimu wa kwanza na wa pili hadi majani yaote tena.

Nimeshapitiliza muda, mwenyekiti ananitazama. Ngazi yangu ipo kwenye gari hapo nje na wavu wa milimita 3 nimekuja na kipande cha kuonyesha, nyumba hii ya mkutano yenyewe ina matundu mawili ya dari hapo upande wa choo hayana kitu, wenye dakika kumi tukayaangalie.